Kikombe Chenye Kitambaa Chekundu

Kisondela,
4 Machi 2024

Baba Lugano, shikamoo.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mkamwana hazungumzi na baba mkwe wake, hamtazami, hapiti mbele yake, hata jina lake halitaji. Miaka kumi na moja nimekaa Suma nikiufuata mwiko huo. Nikisikia kikohozi chako njiani, naingia migombani. Ukitokea ghafla, najivuta kitenge mpaka usoni na kukupa mgongo. Wenzangu walioolewa kwa watu walioacha mambo haya wanawapakulia wakwe zao mezani na kutaniana nao, nami sikulalamika hata siku moja. Neno langu kwako lilipita kwa mama, mkeo, na lako likanirudia kwa mama. Sasa mama tumemzika, na simu yako anaishika wifi Tulia. Ndiyo maana naandika. Mwiko haukutaja kalamu.

Baba, nina hasira, na sitaizungusha.

Siku ya mazishi ya mama nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tunamenya ndizi za waombolezaji. Tulia akaja akasimama mbele yangu, watu wote wanasikia, akasema, "Wifi, weka kisu chini. Chakula cha watu usikiguse." Akanionyesha mkeka kule pembeni, karibu na banda la nguruwe. Nikaletewa sahani yangu peke yangu na kikombe changu peke yangu, kishikio kimefungwa kitambaa chekundu ili kisije kikachanganyika na vya wenzangu. Mama aliyenifundisha kupika ndizi zako unavyozipenda amelala kwenye jeneza, nami nimeketi na nguruwe! Wanawake wa Suma nzima waliona. Chai ile niliinywa na machozi yangu humo humo.

Nikauliza kosa langu, nikaambiwa nina ukoma.

Nani kaupima? Ugonjwa wangu unaitwa sarkoidosisi. Hata mimi ulimi ulikwama mara ya kwanza. Ulianza na vivimbe puani na mashavuni, vikashuka mikononi. Nikapaka dawa ya fangasi, wapi! Kule hospitali kubwa Mbeya wakakata kinyama kidogo cha ngozi, wakakipeleka maabara. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akanikalisha akaniambia si ukoma, si kifua kikuu, wala hauambukizi kwa sahani, kwa kikombe, wala kwa mtoto kulala kifuani pako. Ni kinga ya mwili wangu imekorofika, inapigana na mwili wenyewe. Akanipa vidonge vya prednisolone, nameza asubuhi nikishakula. Tangu Novemba navimeza, na vivimbe vimenywea. Vimebaki vivuli tu.

Nimekuja kwa kaka Erasto kwa sababu Suma sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Lakini nilipotaka kuondoka na Lusungu, Tulia akamshika mtoto mkono na kusema mjukuu wako hafuati mgonjwa. Mwanangu wa miaka minane! Lugano nimempigia akiwa na lori lake Zambia. Anasema, "Vumilia mke wangu, nikirudi tutaongea na mzee." Nimechoka kuvumilia kwa simu.

Nataka mambo mawili. Nirudishiwe mtoto wangu. Na wewe, baba, useme mbele ya watu wale wale kwamba mimi si mkoma.

Mkamwana wako,
Mama Lusungu


Suma,
10 Machi 2024

Mama Lusungu,

Ugonile. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Obed wa pikipiki. Tangu nizaliwe sijaona mkamwana akimwandikia baba mkwe wake, tena kwa kumkaripia. Mke wangu angekuwa hai ningemwuliza kama ndivyo alivyokufundisha.

Usimlaumu Tulia. Sahani nilisema mimi. Kikombe nilisema mimi kiwekwe alama. Kitambaa tu ndicho alichotafuta yeye. Msiba ule ulikuwa na watu wa kata tatu na wazee wa kanisa, nami ndiye mwenye boma. Wangekula wakaugua, wangesema Baba Lugano amewalisha ukoma kwenye matanga ya mkewe.

Unauliza nani amepima. Watu wanauona uso wako. Wanasema umevimba mviringo kama chungu, mashavu yanataka kufunika macho. Ulipoanza kuumwa ulikuwa na vipele puani tu. Umeanza vidonge, umevimba. Sasa mwenye akili aniambie kilichovimbisha ni nini. Na kama huna la kuficha, mbona kila ukipita unajifunika kitenge mpaka usoni? Mwenye uso mzima haufuniki. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mimi nilikuwa karani wa mizani ya chai tangu ujana wangu hadi kustaafu. Wakulima wa Suma wote wananijua. Sikuwahi kuandika uzito wa gunia kwa kuambiwa tu na mwenye gunia. Kwa hiyo na wewe usiniambie kuhusu uso wako, mimi nasikiliza wanaouona.

Shauri langu ni hili. Viache hivyo vidonge. Uso ukirudi ulivyokuwa, njoo, wazee wa kanisa watakuombea, na mtoto utampata. Ukiendelea kuvimeza, Lusungu anabaki hapa. Chakula hali vizuri, lakini anakwenda shule.

Baba Lugano


Kisondela,
13 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikalia, halafu nikachukua kalamu kabla hasira haijapoa.

Ati mbona ninajifunika kitenge! Baba, ninajifunika kwa ajili yako! Ni wewe unayetaka mwiko ufuatwe kwenye boma lako hata baada ya wachungaji kusema si lazima. Miaka kumi na moja ninajifunika kwa heshima yako, na leo heshima hiyo hiyo ndiyo ushahidi kwamba nina ukoma? Nisipojifunika sina adabu, nikijifunika naficha maradhi. Sasa niishi wapi, chini ya kitanda?

Na huo uso unaousema umevimba kama chungu, wewe umeuona lini? Hujawahi kuutazama, baba. Siku ya harusi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nawe ukageuka ukatazama ng'ombe. Nikipita leo Tukuyu mjini kati ya wanawake wauza parachichi, huwezi kunijua. Wewe karani wa mizani, ambaye hukuandika gunia kwa kuambiwa, mimi umeniandika kwa kuambiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ni kweli uso wangu ni mviringo. Ni vidonge vimefanya hivyo, sikatai, na daktari alinionya kabla sijameza hata kimoja. Alisema, "Mashavu yatajaa, njaa itakuuma hata usiku, watu watakusema. Tukipunguza dawa, uso utarudi wenyewe polepole." Mashavu si ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa vile vivimbe vilivyokuwa vinaila pua yangu, na hivyo vinakwisha.

Na akaniambia jingine, akarudia mpaka nikalisema mwenyewe kwa kinywa changu: vidonge hivi haviachwi ghafla. Mwili ukishavizoea unasahau kutengeneza dawa yake wenyewe. Vinapunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia. Ukivikata siku moja unaweza kuanguka, na wengine hawaamki. Baba, unachoniagiza ni kifo. Najua hukujua. Sasa umejua.

Siachi ng'o. Na mtoto wangu namtaka.

Mama Lusungu


Suma,
20 Machi 2024

Mama Lusungu,

Maneno yako ni makali, na ya daktari wako ni mengi. Dawa anayoijua Kyala, Mungu wetu, haimfungi mtu asiweze kuiacha. Inayokufunga hivyo, sisi wazee tuna jina lake.

Lusungu ana homa tangu juzi. Amepelekwa zahanati, amepewa dawa, ataamka. Lakini jioni anakuita. Hataki Tulia amsuke, anasema anakusubiri wewe.

Ijumaa Kuu iko karibu. Pasaka alfajiri tutakwenda makaburini kama kawaida yetu, na kaburi la mama yenu bado ni udongo mbichi. Ingefaa uwepo. Sharti langu ni lile lile.

Baba Lugano


Kisondela,
24 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Umeshinda.

Vidonge nimeviacha tangu juzi. Nimevitia kwenye kopo la chumvi la wifi yangu, mke wa Erasto. Kaka hajui, na usimwambie. Nilisema siachi ng'o, lakini nilikuwa sijasikia kwamba mwanangu analala na homa akiniita. Uliijua silaha yako, baba.

Ijumaa Kuu naja. Mwambie Lusungu nywele asiguse mtu.

Mama Lusungu


Tukuyu,
1 Aprili 2024

Mzee wangu Anyelwisye, shikamoo.

Mimi ni Erasto, mwalimu, kaka yake Atupele, Mama Lusungu. Tuliketi pamoja siku ya mahari, nikakuona mtu wa maana. Leo naandika nikiwa nimekaa nje ya wodi ya wanawake, na kama nisingekuwa nimelelewa vizuri, barua hii ingekuwa na maneno mengine.

Ijumaa Kuu asubuhi dada yangu alitoka kwangu anakuja kwako kumchukua mwanae. Alikuwa anatapika tangu juzi yake, miguu haimbebi, lakini akasema ni malaria tu. Hakufika hata nusu ya njia. Alianguka pale mjini, akazungukwa na watu, presha imeshuka mpaka muuguzi alipoipima akaita wenzake mbio. Wakauliza anatumia dawa gani. Mimi nikasema anatumia vizuri kila siku. Mke wangu akaenda nyumbani kuvitafuta vidonge, akavikuta kwenye kopo la chumvi, na chini yake barua zako mbili.

Nimezisoma, mzee. "Viache hivyo vidonge." Umeandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri wa karani.

Daktari wa hapa amesema kama angecheleweshwa mpaka jioni tungekuwa tunachimba kaburi la pili kwenye ukoo wako mwaka huu. Wamemtundikia dripu, wamemrudishia dawa kwa sindano, sasa anarudi polepole. Ameamka jana akiuliza kama Lusungu amesukwa.

Mjukuu wako si rehani. Mtoto asiporudi kwa mama yake, naenda ustawi wa jamii na barua hizi mkononi. Na ukiwa na sehemu yoyote ya moyo uliyobakiza, njoo umwone mtu uliyetaka kumwua kwa kalamu.

Erasto


Suma,
6 Aprili 2024

Mwalimu Erasto,

Nimeipokea barua yako, na nimekasirika kuliko wewe.

Umenidanganya. Alhamisi nilikuja Tukuyu kwa mvua ile, mimi mzee wa miaka sabini na sita, koti limelowa mpaka kwenye fulana. Sikuja kumtazama, maana mwiko unanikataza. Nilikuja kusimama nje na kumtumia uji kwa muuguzi. Nikamwuliza muuguzi mke wa Lugano yuko kitanda kipi, akasema hamjui mtu huyo. Nikamwambia ni yule mwenye ukoma. Akanitazama kama mwendawazimu, akasema hapa hakuna mkoma.

Nikachungulia mlangoni mwenyewe. Sikuona mtu mwenye uso wa kutisha. Kulikuwa na wazazi, na bibi mmoja wa Kawetele amevunjika nyonga. Nje kwenye benchi alikuwepo mama mmoja mwenye adabu sana, anaota jua lililotoka kidogo baada ya mvua. Nilikaa naye mpaka miguu ikapata nguvu. Uji wangu nimemwachia yeye.

Kwa hiyo nakuuliza, mwalimu: dada yako mmemficha wapi? Au hakuanguka kabisa, mnataka tu kunitisha ili mpate mtoto? Mimi si mtu wa kuchezewa. Ustawi wa jamii nenda, na mimi nitakwenda kueleza habari ya mgonjwa asiyekuwepo hospitalini.

Anyelwisye, Baba Lugano


Kisondela,
9 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Nimeruhusiwa kutoka jana. Kaka amenionyesha barua yako kwa hasira. Nikamwambia, "Hii niachie mimi."

Alhamisi, baba, ulivaa koti lile la kijivu lenye kifungo kimoja cheusi na vingine vya kahawia. Kifungo cheusi nilikishona mimi, mama aliniletea koti usiku nikashona, ukalikuta asubuhi. Ulikuwa na kikapu, na uji kwenye chupa ya chai. Muuguzi hakukudanganya. Pale wananiita kwa jina langu na la baba yangu mzazi. Mke wa Lugano hawamjui, na mkoma hayupo.

Yule mama wa kwenye benchi ni mimi.

Nilikujua kabla hujafika, kwa kikohozi. Nikataka kuinuka nikimbie, kama ninavyokimbia siku zote, miguu ikakataa. Nikatafuta kitenge nijifunike, kitenge kilikuwa kimetandikwa kitandani. Ukaja ukaketi karibu yangu, ukanitazama usoni, machoni kabisa, ukasema, "Mwanangu, pole na kuugua." Nikatikisa kichwa, maana mwiko unanizuia kukujibu. Ukauliza kama koo linauma. Nikatikisa tena.

Ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Mke wa kaka alikuwa ameniachia chupa ya chai na kikombe kimoja, nacho nilikuwa nimeshakinywea. Nikakumiminia humo humo. Ukanywa, ukanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Ukanyoosha kikombe nikakuongezea.

Halafu ukaanza kunisimulia. Ukasema una mkamwana mkaidi, amekuletea ukoma nyumbani, anakuandikia barua za matusi. Ukasema, "Laiti angekuwa na adabu kama yako." Ukasema uso wangu ni mzuri, uso wa mtu aliyeshiba na mwenye amani. Uso huo huo wa mviringo kama chungu, baba! Ukauliza ninaumwa nini, nikanyoosha mkono nikakuonyesha vivuli vya vivimbe. Ukasema, "Aa, hivyo ni vya mbu tu, vitaisha."

Nilipata hasira mpaka masikio yakawa moto. Lakini ukasema na jingine. Ukasema tangu mkeo afariki hakuna mtu anayekuuliza umelalaje, chakula kinaletwa kinawekwa, mtu anaondoka. Hapo hasira ikachanganyika na huruma, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikutaka kukuhurumia siku ile. Mimi ningekuuliza umelalaje, baba. Miaka yote hii ningekuuliza. Ni nani aliyenikataza?

Utasema mbona sikujitambulisha. Kwanza mwiko. Pili, nilitaka umalize kikombe.

Sasa nisikilize vizuri. Umekunywa kwenye kikombe changu, mara mbili. Angalia mikono yako. Angalia pua yako. Ukiona kidole kimepungua, niandikie.

Naambiwa tarehe ishirini na saba mnasimika msalaba kwenye kaburi la mama, na wanawake wale wale watapika pale pale. Chai uliinywa tukiwa wawili tu. Matusi niliyapata mbele ya umati. Hesabu hiyo hailingani hata kwenye mizani mbovu. Sina neno jingine la kukuomba. Mtoto wangu namtaka kabla ya siku hiyo, na nisiombewe kitu ambacho sina.

Vidonge nameza. Nitavimeza mpaka daktari aseme basi.

Atupele


Suma,
19 Aprili 2024

Mama Lusungu,

Umenivizia! Nimetazamana na mkamwana wangu saa nzima, nimepiga naye soga, nimemsifu uso. Baba yangu angesikia angetoka kaburini. Mwiko alioniachia, niliouchunga miaka yote, umeuvunjia kwenye benchi la hospitali kwa chai ya kwenye chupa. Nilikasirika siku tatu. Kuku walinikimbia.

Siku ya nne nikalikumbuka koti. Nikalitoa nikakitazama kile kifungo. Mke wangu alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano tangu macho yamzidi, na mimi sikujiuliza nani anashona. Vitu vingi vya nyumba hii sikujiuliza.

Nikukumbushe habari ya mizani. Karani akikosea uzito wa majani ya mkulima, haendi kurekebisha baadaye ofisini peke yake. Anamwita mkulima, anafuta mbele yake na mbele ya wenzake kwenye foleni, anapima upya wakiona. Niliwahi kumfukuzisha kazi kijana kwa kurekebisha kimya kimya. Sasa mimi nilitaka kukutumia mtoto kimya kimya na kunyamaza. Nilishaandika hata barua hiyo, nikaichana.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja nyumbani kupanga mambo ya msalaba. Nikamwambia Tulia alete chai, na mimi aniletee kwenye kile kikombe chenye kitambaa chekundu. Akasema, "Baba, hicho si cha…" Nikaingia jikoni mwenyewe, nikakikuta juu ya dari, kimefunikwa na majivu. Nikakisuuza. Nikanywa mbele ya wazee wa kanisa na wale wanawake. Mmoja akapiga kelele. Nikawaambia nimeshakunywa na mkamwana wangu hospitalini, kwenye kikombe chake, mara mbili, na vidole ninavyo vyote, waje wavihesabu. Nikawaambia aliyesema ukoma ni mimi, na sikuupima. Wengine walicheka. Mzee Amoni wa kanisani hakucheka, alisema nimefanya vizuri kusema mapema kabla ya kufa, jambo ambalo lilinichoma kidogo.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine inakusubiri wewe uwepo.

Barua hii anakuletea Tulia, pamoja na Lusungu. Homa iliisha zamani. Nywele ni kama kichaka, alikataa kila mtu. Tulia ana neno lake la kukuambia, na nimemkataza kulisema kupitia kwangu.

Mwiko nauondoa. Mzee anaweza kuuondoa, nilikuwa najua siku zote. Kwa desturi mkamwana hupewa kitu. Nimekuwekea jogoo, yule mwekundu mkorofi, mnafanana.

Njoo Jumamosi ya msalaba. Utapika ndizi, nami nitapokea sahani mkononi mwako. Vidonge vyako uje navyo. Maji ya kumezea nitakumiminia mimi.

Baba Lugano


Kisondela,
23 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Umelalaje?

Lusungu yuko mapajani pangu ninavyoandika, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado. Tulia alilia kwenye kizingiti mpaka mke wa kaka akamwingiza ndani. Nimemsikiliza. Sijamwambia nimesahau, maana sijasahau, na mkeka ule karibu na nguruwe bado nauota. Lakini nimempa chai. Kikombe nilichompa ni changu, na amekunywa.

Kaka Erasto anasema barua zako anazihifadhi hata hivyo. Ana haki yake.

Naja Jumamosi asubuhi, kabla wanawake hawajawasha moto. Kisu nitakuja nacho mwenyewe. Sitaingia migombani nikikusikia ukikohoa, wala kitenge sitakivuta usoni. Kitakaa kiunoni, kama cha watu wengine.

Jambo moja ujue ili usije ukasema tena umedanganywa. Jana nilikuwa kwa daktari Mbeya. Ameniona ninaendelea vizuri, amesema baada ya mwezi ataanza kupunguza vidonge, kidogo kidogo. Kwa hiyo uso utakaoukuta Jumamosi, huo uliousifu, ni wa dawa. Utabadilika mwezi hadi mwezi, mashavu yashuke, mifupa ionekane. Uso wangu mwenyewe bado hujauona, baba. Ukitaka kuujua, itabidi uendelee kunitazama.

Mkamwana wako,
Atupele